Oksidi ya grafini (GO) imegoma kubadilika? Fuata mwanga kabla ya kulaumu kemikali

Kutengeneza grafini, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja inayopitisha umeme, kwa kutumia mwanga ni kazi inayoifaa sana Tanga. Jua kali tunalo sehemu kubwa ya mwaka, na grafiti, malighafi yake, imo nchini: Mahenge, Ruangwa, hata Merelani inakopatikana pamoja na tanzanaiti. Maabara nyingi zimezoea kuondoa oksijeni kwenye oksidi ya grafini kwa hidrazini, na hidrazini ni sumu. Inapenya ngozi, inadhuru ini, na haifai kukaa katika maabara ya shule isiyo na kabati la kufyonza mvuke. Mwanga unafanya kazi hiyo bila sumu hiyo. Kwa sababu hiyo inaniuma ninapomkuta kijana ameshalirudisha bika lake kabatini na kusema kuwa njia hii inawafaa wenye mashine za mamilioni peke yao. Mara nyingi kilichomkwamisha ni kitu kimoja kidogo, na kitu hicho kinatafutika.

Ninayoyaandika hapa ni kwa mtu ambaye tayari anayo oksidi ya grafini, ile ya rangi ya kahawia inayotokana na njia waliyoitangaza Hummers na Offeman mwaka 1958, au marekebisho yake. Nitaiita GO, na ile iliyokwisha punguzwa oksijeni nitaiita rGO, kama tunavyosema maabarani.

GO haipitishi umeme kwa sababu karatasi zake zimejaa vikundi vya oksijeni vilivyokatiza njia za elektroni. Mwanga unaweza kuviondoa kwa namna tatu. Ya kwanza, mionzi ya urujuanimno huipiga GO yenyewe moja kwa moja. Ya pili, mionzi hiyo huipiga chembe ya kichocheo, mara nyingi dioksidi ya titani, nayo huikabidhi GO elektroni. Njia hii walionyesha Williams, Seger na Kamat wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, mwaka 2008, wakitumia ethanoli. Ya tatu ni mwanga mkali wa leza au wa flashi ya kamera, ambao huiunguza GO kwa joto la ghafla.

Kwa hiyo kosa likitokea, ifuatilie safari ya mwanga. Unatoka kwenye taa au kwenye jua, unapita kioo, unapita maji, unafika kwenye karatasi ya GO au kwenye kichocheo. Hapo elektroni inaruka na kuacha tundu, na tundu hilo lisipopata wa kulijaza, litaichukua elektroni tena au litaishambulia GO yenyewe. Karibu kila tatizo nitakalolitaja linakaa mahali fulani kwenye njia hiyo.

Kuna jambo moja la kufanya kabla ya mengine yote: andaa bika la pili la mchanganyiko uleule, lifunge kwa nje na karatasi ya alumini ya jikoni, liweke karibu na lile la mwanga lipate joto lilelile. Karatasi hiyo isiguse mchanganyiko. Hili ndilo bika la gizani. Bila bika hili, huwezi kusema kwamba mwanga umefanya chochote.

Saa zimepita na rangi ni ileile

Anza na taa. Nguvu ya fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, kwa elektronivolti, unaipata kwa kugawa 1240 kwa urefu wa wimbi kwa nanomita. GO ikipigwa moja kwa moja inahitaji kama elektronivolti 3.2, yaani nanomita 390 kushuka chini. Dioksidi ya titani ya aina ya anatasi nayo inahitaji 3.2 hizohizo. Sasa chukua tochi ya zambarau ya kukagulia noti, ile inayouzwa madukani na kwa machinga. Nyingi kati ya hizo ni za nanomita 395. Gawanya: 3.14. Imekosa kidogo sana, lakini imekosa. Taa za kukaushia kucha zinazotumika saluni mara nyingi huchanganya nanomita 365 na 405, na ile 365 peke yake ndiyo itakayokusaidia. Taa za kuvutia nzi kwenye bucha nazo ziko karibu na 365. Taa za kuulia vijidudu kwenye maji hutoa 254, ambayo ni karibu elektronivolti 4.9.

Usiyaamini macho hapa. Mwanga wa zambarau unaouona ni sehemu ya wigo isiyokufanyia kazi, na ile inayofanya kazi huioni. Soma maandishi kwenye taa yenyewe. Kama hayapo, muulize muuzaji namba ya nanomita kabla hujatoa hela.

Baada ya taa, kioo. Kioo cha kawaida cha glasi na chupa huzuia mionzi mifupi kuliko nanomita 320 hivi, na chupa za plastiki za maji ziko karibu na hapo. Kwa taa ya 365 huna shida, bika lolote la kioo litapitisha. Kwa taa ya 254 shida ni kubwa: hata kioo kizuri cha maabara huizuia, ni kwatzi pekee inayoipitisha. Mtu anaweka taa ya 254 pembeni mwa bika la kioo, anasubiri mchana kutwa, na mionzi yote imeishia kwenye ukuta wa bika. Dawa yake ni kumulika kutoka juu, mchanganyiko ukiwa kwenye sahani pana iliyo wazi, bila kifuniko. Taa hiyo huunguza macho na ngozi kabla hujahisi chochote, kwa hiyo iweke ndani ya sanduku lililofungwa, na swichi ikae nje.

Jua letu halina nanomita 254. Anga huikata yote mifupi kuliko 295 hivi. Lakini sehemu ya 320 hadi 390 inatosha, hasa ukiwa na kichocheo. Adhuhuri katika mwezi wenye mbingu safi, juu ya paa la nyumba ya Chumbageni au Raskazone, unapata mionzi ya kutosha kabisa.

Kama taa na kioo viko sawa, angalia hewa. Oksijeni iliyoyeyuka majini huipokonya GO elektroni kabla haijazipata. Maabara kubwa hupitisha nitrojeni kwa nusu saa hivi. Huna mtungi wa nitrojeni? Nenda kwa mafundi wanaolehemu alumini. Gesi wanayotumia mara nyingi ni agoni, na agoni inafaa kabisa. Hata hiyo ikikosekana, chemsha maji ya kuchanganyia, yapooze yakiwa yamefunikwa, halafu jaza chombo mpaka juu kusiwe na nafasi ya hewa, ufunge. Haifikii agoni, lakini tofauti inaonekana.

Na kichocheo chenyewe? Hapa wengi wamekwama kwa miezi bila kujua. Dioksidi ya titani inayouzwa kwa watengeneza rangi ni nyeupe, laini, na bei yake ni nzuri. Lakini imetengenezwa ili *isifanye* kazi ya mwanga: mara nyingi ni ya aina ya rutili, na chembe zake zimevikwa alumina au silika ili rangi ya ukuta isichakae juani. Ukiitumia, unakuwa umenunua kichocheo kilichofungwa mdomo kiwandani. Unachotaka ni anatasi isiyovikwa kitu, au mchanganyiko wa anatasi na rutili unaouzwa kwa kazi ya kichocheo.

Ipo njia nzuri ya kupima kichocheo kabla hujakitumia, nami naipenda kuliko zote katika kazi hii. Weka unga kidogo kwenye ethanoli isiyo na rangi, pitisha agoni, funga, mulika kwa 365. Kichocheo kizima kitabadilika polepole kutoka weupe wa maziwa hadi buluu ya kijivu. Hizo ni elektroni zilizonaswa kwenye titani, zikisubiri mpokeaji. Fungua kizibo, tikisa hewa iingie, na buluu inatoweka mbele ya macho yako. Ukidondosha GO badala ya hewa, buluu inatoweka vilevile, na GO inaanza kuwa nyeusi. Mwanafunzi akishaona hivyo mara moja, huhitaji tena kumweleza elektroni zinakwenda wapi. Unga ukibaki mweupe baada ya muda mrefu, usipoteze GO yako juu yake.

Ethanoli ndiyo inayojaza matundu. Spiriti iliyotiwa rangi haifai, kwa sababu rangi ile hunywa mwanga. Vitakasa mikono vya jeli navyo viache.

Juu nyeusi, chini kahawia

Umetia GO nyingi mno. Kwa miligramu 0.5 kwenye kila mililita, mionzi ya 254 haimalizi hata milimita moja kabla ya kumezwa yote. Punguza hadi miligramu 0.1 kwa mililita au chini yake, tumia sahani pana badala ya bika refu, na koroga wakati wote. Huna kikorogeo cha sumaku? Feni ndogo ya kompyuta iliyobandikwa sumaku mbili itakitengeneza. Angalia pia kama utando mweusi umeganda kwenye ukuta unaoelekea taa. Ukiganda, huzuia mwanga kwa wote walio nyuma yake, basi usugue kabla ya kuendelea.

Imeshikana mabonge ikashuka chini

Swali la kwanza: ilishuka kabla ya mwanga au baada?

Kabla ya mwanga, mshitakiwa ni maji. Karatasi za GO zinaelea kwa sababu zina chaji hasi na zinasukumana. Tia chumvi, na msukumano unakufa. Kalisi ni mbaya zaidi, kwa kuwa ioni moja yenye chaji mbili hushika karatasi mbili na kuzifunga pamoja. Na Tanga imekaa juu ya chokaa. Ni chokaa hiyohiyo iliyochimbika kuwa mapango ya Amboni, na hiyohiyo inayolisha viwanda vya saruji. Maji ya visima vya maeneo hayo yana kalisi ya kutosha. Tazama ndani ya birika la chai la nyumba yoyote inayotumia maji ya kisima uone ukoko mweupe. Maji ya bomba ni afadhali kidogo lakini hayafai pia.

Watu wengi hapo hukimbilia maji ya mvua, wakidhani ni safi kama yaliyokenekwa. Mvua yenyewe ni safi kiasi, ila bati silo. Bati letu limepakwa zinki, na maji yanayoteremka juu yake huibeba zinki hiyo pamoja na kutu. Zinki nayo ina chaji mbili. Kinga mvua moja kwa moja kwenye ndoo ya plastiki iliyowekwa uwanjani, baada ya mvua kunyesha kwa muda na kusafisha hewa, mbali na mawimbi. Upepo ukitoka baharini hubeba chumvi, na ndoo iliyoachwa wazi usiku kucha karibu na ufukwe haifai asubuhi.

Rahisi zaidi ni maji ya betri kutoka kituo cha mafuta au duka la vipuri. Hakikisha ni maji, maana dukani asidi ya betri hukaa rafu moja nayo na chupa zinafanana. Pima kwa kipimo kidogo cha chumvi za maji. Kikisoma zaidi ya 5, tafuta chupa nyingine.

Kama maji ni mazuri na bado inashikana, basi GO haijaoshwa vya kutosha. Asidi iliyobaki huziua chaji. Dondosha kloridi ya bariamu kwenye maji ya mwisho ya kuoshea: ukungu mweupe ni salfeti, endelea kuosha. Utajua umekaribia pale GO inapoanza kuvimba kama jeli na kukataa kutulia chini. Inachosha kusubiri, lakini ni dalili njema.

Kushuka *baada* ya mwanga ni habari nyingine, na mara nyingi ni habari njema. Vikundi vya oksijeni vilivyokuwa vikizibeba karatasi majini vimeondoka, na rGO haipendi maji. Ukitaka iendelee kuelea kwa ajili ya wino au kupaka, pandisha pH hadi 10 hivi kwa amonia kidogo kabla ya kumulika. Kumbuka tu kwamba alikali inaleta utata wake, na nautaja hapa chini.

Badala ya kuiva, inapauka

Hili huwatisha watu, nao wana haki. Mchanganyiko uliokuwa kahawia unakuwa wa njano, kisha maji ya chai nyepesi. GO inaliwa.

Sababu ya kwanza ni matundu yasiyo na wa kuyajaza: umetia dioksidi ya titani kwenye maji matupu, bila ethanoli. Ya pili ni hidrojeni peroksidi. Njia ya Hummers humalizia kwa peroksidi ili kuua manganizi iliyobaki, na isipooshwa yote inabaki ndani. Ikikutana na chuma kutoka kwenye tenki lenye kutu, chini ya mionzi ya urujuanimno, huzaa chembe kali za hidroksili ambazo hukatakata karatasi za GO kuwa vipande vidogo mno. Subiri mashapo yatulie, chota maji ya juu, yamulike kwa tochi ya 365 chumbani gizani. Yaking'aa buluu hafifu, vipande hivyo vimekwisha kuzaliwa na havirudi kuwa karatasi. Mwaga, rudi kwenye kuosha.

Ya tatu ni kuzidisha tu. Hata GO safi, ikipigwa na 254 kwa muda mrefu kupita kiasi ndani ya maji yenye hewa, hutoboka na kupoteza kaboni kama kaboni dioksidi. Kipindi kirefu hakimaanishi matokeo bora. Chota sampuli njiani.

Imekuwa nyeusi lakini mita ya ukinzani haisomi

Kijana mmoja wa kidato cha sita alinijia na bika mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Imeiva."

"Marahaba. La gizani likoje?"

Akanyamaza kidogo. "Nalo jeusi, mwalimu."

Alikuwa ametia magadi mengi na bika lilikaa juu ya bati la moto. GO hujiendea nyeusi kwenye alikali yenye joto, hata gizani kabisa. Baadhi ya oksijeni huondoka kweli, ila mwanga haukuhusika, na umeme haupiti vizuri. Weusi peke yake si ushahidi. Hata kibanio cha chuma kilichoguswa na GO mbichi huacha doa jeusi chini yake, kwa sababu metali nazo hutoa elektroni.

Mwenye bahati ya kufika kwenye maabara ya chuo apeleke sampuli kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga upi sampuli inaumeza. GO ina kilele karibu na nanomita 230 na bega kwenye 300. Inapopungua oksijeni, kilele husogea hadi 260 au 270 na bega hufifia. Kilele kikibaki 230, weusi umekudanganya. Kwenye mashine ya eksirei ya fuwele, mstari wa GO ulio nyuzi 10 au 11 hutoweka, na mwingine mpana hutokea karibu na 24 hadi 26, maana karatasi zimesogeleana kutoka umbali wa nanomita 0.8 hadi kama 0.36. Mashine ya Raman, inayosoma mitetemo ya atomu kwa leza, isikuchanganye: kilele cha 1350 mara nyingi huwa kikubwa zaidi baada ya kupunguza oksijeni, na mtu hudhani ameharibu kazi. Hajaharibu.

Ikiwa vipimo vinasema imepungua na bado mita imegoma, angalia utando wenyewe, yaani ile rGO uliyoipaka na kuikausha ili uipime. Utando mwembamba uliokauka haraka juani hupasuka, na mipasuko inakata njia. Dioksidi ya titani ikiwa nyingi kuliko GO, karatasi zinatenganishwa na unga usiopitisha umeme. Jaribu uzito sawa, kisha punguza kichocheo. Pia elewa mipaka ya njia: rGO ya mwanga mara nyingi hubaki na oksijeni zaidi kuliko ya hidrazini. Kwa kihisi, kwa kichujio cha maji, kwa elektrodi ya majaribio, inatosha. Usiilinganishe na grafini safi.

Leo inasoma, kesho haisomi

Hapa ndipo pwani inapotutesa kwa namna ambayo vitabu vilivyoandikwa nchi kavu haviitaji, nami nataka nikae kidogo.

GO hunywa unyevu wa hewa. Umbali kati ya karatasi zake huweza kutoka nanomita 0.6 ikiwa kavu hadi zaidi ya nanomita 1 ikiwa imeloa. Maji hayo yaliyojibana katikati hupitisha protoni, na protoni ni umeme pia. Asubuhi ya masika, hewa ikiwa nzito, utando wa GO *ambayo haijabadilika kabisa* unaweza kuionyesha mita megaohmu kadhaa. Mtu anaandika kwenye daftari: imefaulu. Adhuhuri jua limekausha, mita inaandika OL, yaani ukinzani umezidi uwezo wake wa kusoma, naye anaandika: imeharibika. Hakukuwa na kufaulu wala kuharibika. Alipima maji.

Zitofautishe hivi. Gusisha ncha za mita kwenye utando na uzishikilie bila kutikisa. Namba ikipanda yenyewe polepole, umeme unabebwa na ioni zinazojikusanya kwenye ncha. Ikitulia, ni elektroni. Kisha uupumulie utando kwa mdomo, karibu, pumzi moja ndefu. Ukinzani ukianguka ghafla mara nyingi na kurudi baada ya muda mfupi, hiyo ni GO yenye maji. rGO nzuri itatikisika kidogo tu. Mwisho, ukaushe chini ya balbu ya kawaida kwa joto lisilozidi nyuzi 60, uufungie kwenye kopo pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, upime siku inayofuata mara tu unapoutoa. Namba hiyo ndiyo ya kuandika.

Walio karibu na bahari wana jambo la ziada. Chumvi ya hewani hutua juu ya utando, na chumvi ya kawaida huanza kujivutia maji na kuyeyuka unyevu unapopita asilimia 75, kiwango ambacho hewa yetu hukifikia mara nyingi alfajiri. Utando ulioachwa dirishani unaweza kupitisha umeme kwa chumvi hiyo tu. Usuuze kwa maji ya betri, ukaushe, upime upya.

Leza au flashi imeupeperusha utando

Mwaka 2009 Cote, Cruz-Silva na Huang walionyesha kuwa flashi ya kamera inatosha kuigeuza GO, na mwaka 2012 kundi la Kaner la Los Angeles lilitumia kiendeshi cha DVD cha kawaida kuchora elektrodi. Leza za kuchongea mbao za nanomita 450 zinafanya kazi pia, ingawa fotoni zake ni dhaifu kuliko 3.2, kwa sababu hapa joto ndilo linalofanya kazi.

Utando ukiruka vipande, maji yaliyokuwa ndani yamegeuka mvuke kwa mpigo mmoja. Ukaushe kwanza kama nilivyoeleza juu, punguza nguvu ya leza, pitisha mara mbili kwa upole badala ya mara moja kwa ukali. Ukitoboka, leza iko karibu mno na fokasi, isogeze.

Ukiwaka moto, simama hapo hapo. GO kavu hutoa gesi na joto inapopungua oksijeni, na ikiwa na mabaki ya chumvi za potasiamu kutoka kwenye pamanganeti, moto hukimbia kutoka kona moja hadi nyingine ukimaliza rundo zima. Usiumulike unga kwa flashi wala kwa lenzi ya jua ukiwa mwingi kuliko ncha ya kijiko, na usiuhifadhi mkavu chupani karibu na joto. Hifadhi GO ikiwa kwenye maji. Chupa ya ethanoli isiwepo chumba kimoja na leza.

Jana ilichukua saa tatu, leo saa sita

Kwa jua, ni mawingu, na huhitaji kutafuta zaidi. Masika na vuli panga kazi za taa. Miezi ya kiangazi panga za paa. Kwa taa, angalia umri wake na voltiji ya laini: taa ya zebaki hupoteza sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno huku macho yakiona inawaka vilevile, na umeme unaoshuka jioni watu wanapopika huipunguza zaidi. Tenga chupa moja ya GO yenye kiwango unachokijua, na kila mara unapobadilisha taa, au baada ya kila miezi michache, mulika mililita 10 zake kwa mpangilio uleule na uandike muda ilipofikia rangi ileile ya kipande ulichokibandika ukutani. Futa kioo cha taa kwa spiriti kabla ya kuanza, usikiguse kwa vidole.